Mdogo wangu wa Mumosho, punguza hiyo orodha

Wiki hii nina barua moja tu ya kujibu, wengine mnisubiri kidogo. Imetoka Mumosho, kusini mwa Bukavu, kule juu ya Ruzizi ambako ukisimama mlimani unaiona Rwanda ng'ambo ya mto. Mwandishi ni mama kijana anayefanya kazi katika atelye ya kushona. Jina lake nalihifadhi. Anasema hivi, nimefupisha:

«Jambo Yaya. Tuko washonaji 11, pamoja na wasichana 4 wanaojifunza kazi kwetu. Mama prezida wetu amenipa kazi mpya: nisimamie mafunzo ya wafanyakazi kwa mwaka mzima. Anataka malengo ya mwaka kabla ya mwisho wa mwezi ili ayatie kwenye ripoti. Nimekaa na binamu yangu wa Bukavu, tumeandika malengo tisa. Nakutumia uyaangalie. Mimi nilisoma ushonaji, mambo ya ofisi sikusoma.»

Nimeyaangalia, mdogo wangu. Mwandiko mzuri, Kifaransa kizuri. La kwanza ni kuimarisha uwezo wa wafanyakazi. La pili ni kuendesha semina sita. La tatu ni kukuza moyo wa kujifunza. Nikaendelea kushuka mpaka la tisa, na sikukuta sindano wala uzi. Karatasi hiyo ukifuta jina la atelye yenu ukaandika jina la zahanati, au la duka la saruji pale Nyawera mjini Bukavu, itafaa vilevile. Hapo ndipo ugonjwa wake ulipo. Binamu yako hana kosa, alifanya kama alivyozoea kuona. Bukavu imejaa ripoti za namna hiyo, na wanaoziandika wanajua kabisa kwamba hakuna atakayezisoma mara mbili.

Sasa sikiliza. Lengo la mafunzo ya kazini linajibu swali moja: ikifika Desemba, nani ataweza kufanya kwa mkono wake kitu ambacho leo hawezi? Semina sita si jibu la swali hilo. Watu wanaweza kuhudhuria zote sita, wakanywa fanta, wakapiga picha mbele ya bango, na kola za mashati zikaendelea kupinda.

Kola nimezitaja kwa sababu wewe mwenyewe umezitaja, chini kabisa ya barua, baada ya salamu, kama mtu anayelalamika njiani: «mashati ya wanafunzi tunarudishiwa sana kwa ajili ya kola.» Huo mstari mmoja una thamani kuliko malengo yako yote tisa. Umeuandika mwishoni kwa aibu, wakati ulipaswa kuwa juu kabisa ya karatasi.

Hebu tukae na hiyo kola kidogo, na wewe unaijua kuliko mimi. Shati jeupe la mwanafunzi lina kola ya vipande viwili na kitambaa kigumu katikati. Ncha mbili zikikunjwa zilingane, la sivyo hata mzazi asiyejua kushona ataona. Mshonaji anayeanza kuiunga kwenye shingo kutoka ncha moja kwenda nyingine anajitafutia matatizo, maana meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini kuliko cha juu, na akifika mwisho upande mmoja umemzidi. Aliyezoea huanzia katikati ya shingo kwa nyuma, akashona kwenda kushoto, kisha akarudi katikati akaenda kulia. Tena kabla ya kugeuza ncha anapunguza kitambaa cha ndani ya mshono ili isivimbe. Hayo ni mambo mawili. Yanafundishwa asubuhi moja, yanazoeleka kwa wiki kadhaa. Je, katika hao 11, wangapi wanayajua? Nina hakika hujawahi kuhesabu, na kabla ya kuhesabu huwezi kuweka lengo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuandika malengo. Weka daftari pale mezani kwa mapokezi. Kila nguo inayorudi iandikwe: nguo gani, imerudi kwa nini, nani aliitengeneza upya, alitumia muda gani. Jina la aliyeiharibu usiliandike mwanzoni, maana ukiliandika nguo zitaanza kurudi kimyakimya kupitia mlango wa nyuma na daftari litabaki jeupe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na muda wa mshonaji ni mali. Shati likifumuliwa na kushonwa upya, mteja halipi mara ya pili.

Kisha ongea na washonaji mmoja mmoja, si kwenye kikao. Usiwaulize «mnahitaji mafunzo gani?» Watakujibu kompyuta na Kiingereza, kwa sababu hayo ndiyo majibu ambayo watu wa miradi wamewazoeza kutoa. Uliza hivi: «Kazi gani ukipewa unaisogeza kwa jirani?» Hapo atacheka kwanza, halafu atakwambia ukweli. Mmoja atasema matundu ya vifungo. Mwingine zipu ya sketi. Mwingine atainama, aseme polepole kwamba kuandika vipimo vya mteja humpa taabu, ndiyo maana kila mteja akifika yeye huenda kuchota maji.

Ukishakuwa na daftari na hayo majibu, utaona kwamba mambo yanayowasumbua ni machache na yanajirudia. Chagua matatu. Sikukuambia matano. Malengo tisa ni njia ya heshima ya kutokuwa na lengo, maana mwaka ukiisha daima kutakuwa na moja lililotimia, na hilo ndilo litakalopigiwa makofi.

Kwa yale niliyoyasoma kwenye barua yako, mimi ningeandika hivi. Moja: kabla ya shule kufungwa, washonaji wasiopungua tisa kati ya 11 waweze kushona kola ya shati la mwanafunzi ambayo ncha zake zinalingana, na mashati yanayorudi kwa ajili ya kola msimu wa Agosti yapungue nusu ukilinganisha na hesabu ya daftari kabla ya mafunzo. Mbili: kabla ya kazi za Noeli kuanza, wanaokata kitambaa wawe wanapanga patroni zote juu ya kitambaa kwanza ndipo washike mkasi, ili kipande kinachotoa sketi nne kisitoe tatu. Tatu: mwisho wa mwaka, washonaji wasiopungua tisa kati ya 11 waweze wenyewe kupima mteja na kuandika vipimo vyake, bila kuita mtu. Basi. Karatasi inabaki na nafasi nyeupe kubwa, na mama prezida atashangaa. Mwache ashangae.

Kwa nini nang'ang'ania namba na tarehe? Kuna habari ya kweli ninayoipenda. Mwaka 1975 mtafiti Gary Latham na mwenzake Baldes walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani. Madereva hao walikuwa wakiambiwa wajitahidi kupakia vizuri, na walikuwa wakipakia karibu asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa. Wakapewa lengo moja lililo wazi: asilimia 94. Hawakuongezewa hata senti. Baada ya miezi michache mizigo ilikuwa karibu asilimia 90. «Jitahidini» ni neno tamu, lakini kila mtu analipima kwa kipimo chake, na kipimo cha mtu aliyechoka ni kifupi.

Lakini ngoja, usikimbie na habari hiyo. Wale madereva walikuwa wanajua kupakia. Walichokosa ni shabaha. Wasichana wenu wanne wanaojifunza hawajui bado, na mtu asiyejua ukimpa namba utamvunja moyo au utamfundisha kudanganya. Latham huyohuyo, pamoja na Gerard Seijts, walikuja kuonyesha baadaye kwamba kazi ikiwa ngeni na ngumu, lengo la namba linaweza kumrudisha mtu nyuma kuliko kumwambia tu afanye awezavyo. Kinachomsaidia ni lengo la kugundua njia. Kwa hiyo kwa mabinti usiandike «sketi mbili kwa siku». Andika: «kila mmoja aonyeshe namna tatu tofauti za kupanga patroni juu ya kitambaa, na aseme ipi inabakisha mabaki machache, na kwa nini.» Utashangaa. Mara nyingi msichana wa miezi mitatu ndiye anayeona pembe ambayo fundi wa miaka kumi ameiacha kwa mazoea.

Na kuhusu mabinti hao, neno la pembeni ambalo hukuniuliza. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya Oktoba 2002, ina sehemu nzima kuhusu mafunzo ya kazi na mkataba wa mwanagenzi. Kama wanashona nguo zinazouzwa na hawana hata karatasi, mwambie mama prezida alitazame hilo kabla hajatazama ripoti.

Turudi kwenye mwaka. Binamu yako amegawa semina zake sita miezi miwili miwili: Februari, Aprili, Juni, Agosti, Oktoba, Desemba. Hapo nikajua kwamba anaishi mjini. Mwaka wa Mumosho una sura yake na wewe unaijua. Septemba na Oktoba watu wako shambani, ni majira ya kwanza ya kupanda, maharagwe na mahindi hayangoji semina ya mtu. Januari ni kuvuna. Februari jembe linarudi tena mkononi kwa majira ya pili, na papo hapo wateja wanaleta vikwembe vya tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, kila kikundi cha akina mama kinataka kushonewa sare, na wote wanataka kabla ya siku ileile. Juni ni mavuno mengine. Julai na Agosti ni bluu na nyeupe tupu: sketi, suruali, mashati ya shule, wazazi wamejipanga mlangoni, maana Septemba watoto wanarudi darasani. Desemba ni nguo za sikukuu.

Ukiweka semina Agosti, nani atakuja? Atakuja yule asiye na kazi, na huyo si lazima awe ndiye anayehitaji. Halafu utaandika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi hawana moyo wa kujifunza! Moyo wanao. Mikono ndiyo imeshikwa.

Ukiangalia vizuri, umebakiwa na Aprili na Mei, mbegu zikiwa ardhini na wateja wakiwa wachache, na Novemba. Hiyo ndiyo miezi yako. Kola ifundishwe Aprili na Mei, kwa vipande vidogo, mvua ikinyesha watu watachelewa kwa ajili ya tope, usiwafokee. Mwanzoni mwa Julai, kabla foleni haijaanza, kila mmoja ashone kola moja mbele ya wenzake. Agosti usifundishe chochote: kaa na daftari, hesabu yanayorudi. Kukata kitambaa kuwe Novemba. Vipimo na kuandika ni jambo la mwaka mzima, nusu saa kwa nusu saa, kwa sababu kusoma hakuingii kwa siku tatu za semina hotelini.

Hapa nitasema jambo ambalo mama prezida hatalipenda, na wewe utalibeba. Umeniambia washonaji wenu wanalipwa kwa kipande. Basi kila saa ya mafunzo ni saa ambayo mama wa watoto watano hapati kitu. Huwezi kumwambia ajifunze kwa faida ya atelye huku gharama inatoka kwenye unga wa watoto wake. Mkono mtupu haulambwi. Saa za kujifunza zilipwe, hata kama ni kidogo, hata kama ni sawa na kipande kimoja rahisi. Hiyo pesa ndiyo bajeti yako halisi ya mafunzo, na si bango wala fanta.

Najua mtaniuliza: kwani perdiem, ile posho ya semina, ina kosa gani? Perdiem inamlipa mtu kwa kukaa. Mashirika mengi yametuzoeza hivyo kule mjini, mpaka kuna watu ambao wamesoma haki za binadamu mara saba na hawawezi kukueleza hata moja, lakini kila bahasha wanaikumbuka. Nyinyi mlipe saa ya kazi, kwa sababu kujifunza kola ni kazi. Na zile pesa za nauli na chakula cha mwalimu wa kutoka Bukavu ziangalie mara mbili. Huenda fundi bora wa kola mnaye ndani, ameketi kwenye cherehani ya tatu karibu na dirisha, hakuna aliyewahi kumwomba afundishe. Mlipe yeye. Tena atawafundisha kwa Mashi, lugha yenu ya nyumbani, na wale wanaoogopa Kifaransa watauliza maswali.

Sasa kupima. Mmarekani mmoja, Donald Kirkpatrick, aliandika mwaka 1959 kwamba mafunzo yana ngazi nne za kupimwa: kama watu walifurahi, kama walijifunza, kama wanafanya tofauti wakirudi kazini, na kama kazi yenyewe imenufaika. Miaka mingi imepita, na karibu kila semina niliyoiona Bukavu inapima ya kwanza peke yake: karatasi inagawiwa jioni, «umeridhika?», watu wanaweka alama kwenye ndiyo, wanachukua nauli, wanaondoka. Wewe ruka moja kwa moja kwenye ya tatu na ya nne. Miezi mitatu baada ya mafunzo pita nyuma ya kila cherehani, simama, angalia anaanzia wapi anapounga kola. Usimuulize. Angalia. Halafu fungua daftari la nguo zinazorudi. Hizo ni hatua mbili, hazihitaji mtaalamu, wala kompyuta.

Na mtihani wa kuandika usiufanye. Umesema watatu hawajui kusoma. Mtihani wa karatasi utawatoa wao kwanza, na inawezekana mmojawapo ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote. Mshonaji apimwe kwa nguo.

Kuhusu hao watatu, msitafute mbali. Hapohapo Mumosho kuna kituo cha wanawake cha ABFEK, shirika lililoanzishwa na Amani Matabaro, yule aliyefungua pia shule ya amani hapo mwaka 2018. Kituo hicho kimefundisha wanawake kusoma na kuandika, kushona, kuoka mikate na kulima. Ninachokipenda katika ushonaji wao ni mwisho wake: anayehitimu anapewa cherehani na vifaa vya kuanzia, aende akafanye kazi. Yaani mtu akiuliza lengo lilikuwa nini, unamwonyesha mwanamke na cherehani yake, si orodha ya mahudhurio. Nenda ukawaulize kama watu wako wanaweza kujiunga na darasa la kusoma, na saa zipi.

Mjini Bukavu nako, kituo cha Jiji la Furaha, lililofunguliwa mwaka 2011 kwa ajili ya wanawake waliofanyiwa ukatili, limekuwa likipokea wanawake hadi 90 kwa pamoja, wanakaa miezi sita, basi, wanaondoka na wengine wanaingia. Kazi yao ni nzito kuliko kola zetu na silinganishi. Lakini angalia nidhamu ya muda. Kila anayeingia anajua siku ya kutoka, na anayefundisha anajua hana mwaka wa ziada wa kupoteza. Mafunzo ya kazini mara nyingi yanakosa hilo, yanaendelea tu, kama mvua ya Novemba.

Ukitaka cheti kinachotambulika kwa washonaji wenu wazoefu, ipo INPP, taasisi ya serikali ya kuandaa watu kwa kazi, tangu 1964, na Bukavu wana ofisi ya jimbo. Lakini cheti kije mwaka wa pili. Usianze na cheti. Ukianza na cheti, watu watajifunza cheti.

Kitu kingine kinanisumbua katika malengo yako tisa: manane yanangoja pesa za mfadhili. Mdogo wangu, tumeona mwaka 2025. Februari vita viliingia Bukavu, waasi wa M23 wakashika mji, benki zikafungwa milango, na watu wenye pesa kwenye akaunti wakakopa chumvi kwa jirani. Mipango mizuri ya mwaka mzima, iliyotiwa sahihi Januari, ilikufa kabla ya Machi. Sikwambii haya kukutisha, uliyapitia mwenyewe. Nakwambia kwa sababu yale matatu niliyokuandikia yanaweza kuendelea hata barabara ikifungwa. Cherehani zenu ni za pedali, haziombi umeme. Kola inahitaji mabaki ya kitambaa na fundi mmoja mvumilivu. Kusoma vipimo kunahitaji futi, chaki na ubao. Weka pembeni akiba kidogo ya kulipia saa za kujifunza, kwenye likelemba yenu wenyewe, ule mchango wa zamu, kama mnaaminiana, na mfadhili akija mpokee kwa furaha, akikawia msisimame. Na uandike kabisa kwenye karatasi: mambo yakiharibika, lengo gani tunaliacha kwanza. Mimi ningeacha la kukata kitambaa. La vipimo nisingeliacha hata kwa dawa, kwa sababu mwanamke anayejua kuandika namba za mteja anaondoka na ujuzi huo popote atakapokimbilia.

Nimeona pia umeandika «kufikia 100%». Ifute. Katika watu 11, mmoja atazaa, mmoja ataolewa Uvira, mmoja ataacha kazi auze samaki. Ukiweka mia kwa mia, ukapata tisa kati ya kumi na mmoja, watakuambia umeshindwa. Tisa kati ya kumi na mmoja ni ushindi, piga kigelegele.

Kwa wasomaji wengine ambao si wasimamizi wa kitu chochote, mmekaa mnasoma haya mkidhani hayawahusu: mkubwa wenu wa kazi akiwaambia kila mmoja alete lengo lake la kujifunza la mwaka, msikimbilie «kuboresha mawasiliano». Chagueni ile kazi mnayoisogeza kwa jirani. Wewe unayeshika kasha la duka, kama kufunga hesabu jioni kunakufanya uombe msaada kila siku, hilo ndilo lengo lako, na tarehe yake uiweke mwenyewe. Mwambie mkubwa pia unahitaji nini kutoka kwake: saa ngapi, mtu gani wa kukuonyesha. Lengo lisilomdai mkubwa kitu chochote ni ahadi ya upande mmoja, na mwisho wa mwaka utalaumiwa peke yako.

Sasa wewe, mdogo wangu. Kabla ya kumpelekea mama prezida, wasomee washonaji kwa sauti, siku ambayo wote wapo, na wale mabinti wanne pia. Wakicheka mahali, uliza kwa nini wanacheka, huenda umeandika jambo lisilowezekana. Wakinyamaza, ngoja. Waulize nani anaweza kufundisha kola. Nadhani macho yote yatageukia mtu mmoja, na huyo ndiye mwalimu wako.

Kisha chukua ile karatasi yenye malengo matatu, mpe mama prezida mkononi, na uketi chini usubiri aisome mbele yako. Atakuuliza mbona machache. Mwonyeshe daftari la nguo zilizorudi. Halafu umuulize jambo moja tu: saa za kujifunza zitalipwa au hazitalipwa? Akisema zitalipwa, tieni sahihi wote wawili, na mwombe aandike kiasi. Akisema hazitalipwa, mrudishie kalamu kwa adabu na uniandikie tena.